Rufaa ya Gari la Ndunge

Mheshimiwa wa dirisha namba sita,
nimekuja kwa miguu, makusudi,
nisije nikaongeza deni juu ya deni.
Gari nimeliacha Kariobangi kwa fundi Nzuve.

Ninakata rufaa.
Karatasi yenu inasema:
tarehe kumi na nne Machi, saa sita na dakika ishirini,
Barabara ya Banda, mkabala na duka la miwani,
Toyota nyeupe, bampa ya nyuma imefungwa kwa waya,
haikulipiwa.

Saa hiyo, mheshimiwa, gari lilikuwa Kangundo
kando ya zizi la mjomba,
kuku wamejilaza chini yake kukimbia jua.
Ufunguo ulikuwa mkobani,
mkoba mapajani,
nami juu ya kiti cha plastiki, mstari wa mbele,
nikimsikiliza katekista akikosea jina la dada yangu.
Mara mbili alimwita Ndinda.

Ushahidi ninao. Kibali cha mazishi, hiki.
Risiti ya hema na viti mia mbili, hii.
Picha: gari hilo, kuku hao.
Mkitaka mashahidi nitawaleta,
ila wengi watadai nauli.

Hayo niliyakariri ngazini, wiki ya tatu.
Dirisha la pili lilikwisha kunituma la nne.
La nne lilikuwa limekwenda chai.
Kijana mmoja akaninong'oneza,
"Mama, toa elfu moja, yaishie hapa hapa."
Nikamjibu: kosa nisilolitenda
silinunui hata kwa bei ya jumla.

Kerubo, jina liko kifuani pake,
akavaa miwani, akaigeuza karatasi.
"Huku nyuma umesoma?"
Sikuwa nimesoma. Nani husoma mgongo wa faini?
Kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyesimama juani:

*Dereva alikuwepo. Mwanamke. Amekataa kulipa.
Amesema anamngoja mdogo wake, dakika mbili tu.
Amenifungia kioo.*

Nikashika ukingo wa dirisha.

Dakika mbili za Ndunge nazijua mimi.
Zilikuwa na saa nzima ndani yake,
na karanga, na redio,
na kanju akigongagonga kioo
huku yeye akimwonyesha kidole kimoja: subiri.
Mara ngapi nimetoka kazini
nikaikuta Toyota imekalia mstari wa njano,
yeye ndani, viatu kavua,
"Mbona umekawia? Huyu bwana atanimaliza!"

Sheria inanitaka nithibitishe kwamba hakuwepo.
Nimethibitisha. Kwa chifu, kwa hospitali,
kwa nakala za shilingi kumi kumi.
Hapana mtu aliyewahi kutokuwepo
kwa mihuri mingi kama dada yangu.
Na sasa mtu mmoja, mmoja tu, Nairobi nzima,
ameandika kwamba alimwona.

Ulimi ukawa mzito.
Nilitaka kusema: basi, nitalipa.

"Ni herufi," Kerubo akasema taratibu.
"Hii si T. Kijana wetu huyu, J yake huivika kofia.
Ni gari lingine, mama. Mwanamke mwingine."
Akautoa muhuri, akaupumulia
kama mtu anayepasha vidole asubuhi ya Julai.
IMEFUTWA.
Rangi ya bluu, imepinda kidogo kushoto.

Rufaa imekubaliwa. Sidaiwi kitu.
Nikaomba nibaki na karatasi.
"Hiyo ni mali ya kaunti,"
akasema, kisha akainama chini ya meza,
muda mrefu,
kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Nilirudi kwa Barabara ya Banda.
Mbele ya duka la miwani palikuwa na nafasi moja,
doa la oili katikati.
Nikasimama hapo, mkoba kifuani,
hadi kanju akanijia na kitabu chake:
"Mama, gari liko wapi?"

Nikamwonyesha kidole kimoja.